Uliza Dada Fundi: RAV4 ipi, ya mwaka gani?

Barua za mwezi huu karibu zote zina jina moja, RAV4. Toyota waliitoa 1994, na tangu hapo imeshapita kwenye matoleo matano, la sita likatangazwa Mei 2025. Huku kwetu karibu yote bado yako barabarani, na kila toleo lina dalali wake anayeapa kwamba hilo ndilo lenyewe. Nimechagua barua tano. Mliouliza rangi ipi haichafuki upesi: ya vumbi.

Shikamoo Dada Fundi. Tuko Moshi, tuna watoto watatu, na kila Jumamosi tunapanda kwa wakwe, kipande cha mwisho ni udongo na masika huteleza vibaya. Mwalimu mwenzangu anauza RAV4 ya 2004, ile ya Kilitime, namba D. Mume wangu anataka tuagize Japani ya 2007, ile wanayoiita Miss Tanzania. Anasema ikitoka Japani ni mpya. Tufuate lipi? — Mama wa Watatu, Moshi

Marahaba mama. Kabla ya kumtangaza mshindi, mwombe mwalimu mwenzako kadi ya gari, usome namba ya chesesi. RAV4 haichaguliwi kwa sura wala kwa mwaka, inachaguliwa kwa herufi zile za mwanzo. Zikiwa ZCA26, injini ni 1ZZ ya cc 1,800, na gari linavuta kwa matairi ya mbele tu. Zikiwa ACA21, ni 4WD, yaani matairi yote manne yanavuta, ya cc 2,000, na kwa magari yaliyouzwa Japani injini hiyo ni 1AZ-FSE, yaani D-4. Mtego wa Kilitime uko hapo: injini tulivu haina 4WD, na yenye 4WD inakuja na D-4 yake.

D-4 si injini mbaya, ila haisamehi. Kwenye injini ya kawaida petroli hurushwa nje ya silinda, ikapita kwenye valvu na kuziosha. D-4 huirusha moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, kwa hiyo valvu za kuingiza hewa hazioshwi na kitu. Masizi yanajijenga juu yake mwaka hadi mwaka, sailensa, yaani mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta, inaanza kupanda na kushuka, gari linatetemeka ukisimama kwenye taa. Fundi asiyeijua atakubadilishia plagi, halafu koili, halafu atakwambia ununue injini nyingine, wakati dawa ilikuwa kufungua manifodi na kusafisha. Pampu ya presha nayo, sili zake zikichoka, huvujisha petroli ikachanganyika na oili.

Basi fanya hivi. Nenda asubuhi mapema, mwambie mwalimu asiwashe gari kabla hujafika. Fungua boneti. Kifuniko cha juu ya injini kikiwa na maandishi D-4, chomoa dipstiki na uinuse. Oili iliyotumika ina harufu ya kuungua kidogo, hiyo ni kawaida. Ikinuka petroli, na kiwango kimepanda kupita alama ya juu, rudisha dipstiki taratibu, muulize mwalimu hali ya familia, uondoke. Kama hainuki, washa, usikanyage mafuta, sikiliza mpaka ipate moto. Sailensa ikitulia bila kuyumba, mnaweza kuanza kuongea bei. Ikiwa ni ZCA26, jambo la kuuliza ni moja tu: inakula oili kiasi gani? Zile 1ZZ za mwanzo mwanzo zilikuwa na tatizo la ringi za pistoni. Ila kwa udongo wa masika huko kwa wakwe, na watu watano ndani, matairi mawili ya mbele yatawaaibisha.

Sasa nije kwa shemeji. Mwambie gari la 2007 halipungui umri kwa kuvuka bahari. TRA wanalijua hilo kuliko yeye: gari lililopita miaka kumi hulipa ushuru wa uchakavu wa 30%, juu ya ushuru wa forodha wa 25% na VAT ya 18%. Tena ile ya 2007 ni cc 2,400, hivyo ushuru wa bidhaa ni 10%, wakati lisilozidi cc 2,000 lingelipa 5%. Akae na simu afungue kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti ya TRA, aweke gari lenyewe, aone. Mara nyingi kodi ya gari la umri huo hulizidi gari lenyewe bei, na mwanaume akiona namba ile hukaa kimya muda mrefu.

Lakini kwa gari lenyewe shemeji hajakosea. Toleo la tatu, ACA31W kwa ile ya 4WD, ni kubwa ndani, ina swichi ya kulazimisha matairi ya nyuma yasaidie kwenye tope, na injini yake 2AZ ina nguvu ya kupanda Kilimanjaro yote mkitaka. Ninachowashauri ni kutafuta moja ambayo tayari iko nchini, kodi imeshalipwa na mtu mwingine, ya 2009 kuja juu kama mfuko unaruhusu, kwa sababu zile za mwanzo ndizo zenye sifa ya kula oili. Angalia mambo mawili. Kwanza, tundu za bolti za hedi. Injini za familia hii, hasa za zamani, nyuzi za bolti kwenye bloku hulegea upande wa nyuma, kule karibu na ukuta wa dashibodi ambako hakuna anayepitisha mkono. Maji yanapungua, chini hakuna tone, halafu siku moja gari linachemsha mlimani. Washa tochi, chungulia nyuma ya injini. Ukiona ukoko wa rangi ya kulanti, yaani maji ya rejeta, umekauka pale hedi inapokutana na bloku, usinunue hata ukipunguziwa. Pili, giaboksi. Zile za Japani ni CVT, giaboksi ya otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za hatua, na CVT hutaka mafuta yake maalumu. Muulize muuzaji alibadili lini na aliweka nini. Akijibu "hydrauliki ya kawaida tu," hilo gari lilishatiwa sumu. Liendeshe likiwa la moto, lipandishe kilima kwa mwendo mdogo, uone kama linatetemeka au linalia.

Na kwa kuwa una watoto watatu kiti cha nyuma, hili usiliache. Februari 2016 Toyota waliita yarudishwe kurekebishwa magari yapatayo milioni 2.9 duniani, RAV4 za toleo hili na nduguye Vanguard, kwa sababu chuma cha fremu ya kiti cha nyuma kingeweza kuukata mkanda wa abiria gari likigongwa kwa nguvu. Tiba yenyewe ni ndogo, kifuniko cha plastiki juu ya chuma hicho. Gari lililokuja huku baadaye kama mtumba huenda halikufanyiwa. Peleka namba ya chesesi kwa wakala wa Toyota wakuangalizie kabla hujalipa. Hapo ndipo ningeweka pesa yangu ya kwanza, kabla ya redio mpya.

Habari Dada Fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Thika na nafanya kazi Nairobi. SACCO imeniidhinishia mkopo. Yadi moja Mombasa Road wana RAV4 mbili za 2019, moja petroli, moja haibridi. Haibridi ni ghali zaidi na mafundi wa hapa wananitisha na betri. Mwenzangu ananiambia nisubiri hii mpya iliyotangazwa juzi. Nifanye nini? — Mwalimu, Thika

Salama, mwalimu. Usisubiri. Toleo la sita ni haibridi, yaani petroli na umeme pamoja, na haibridi ya kuchaji tu, petroli tupu hakuna tena, na mpaka lianze kuuzwa Japani kama mtumba kwa bei ya mkopo wa SACCO, mtoto aliye darasa la nne leo atakuwa anaomba kujifunza kuendesha.

Nadhani umejiuliza kwa nini yadi zenu ziliruka kutoka RAV4 zile za zamani zenye tairi la spea mgongoni, zikaja ghafla hizi pana zenye uso wa hasira. Jibu ni kwamba toleo la nne halikuuzwa Japani kabisa. Wao waliendelea na la tatu mpaka 2016, wakapumzika, kisha Aprili 2019 wakaanza kuuza la tano. Sheria yenu ya miaka minane nayo, kwa 2026, inaruhusu gari lililoandikishwa kwa mara ya kwanza kuanzia 2019. Kwa hiyo hizo mbili ulizoziona ni za mwaka wa kwanza kabisa wa toleo la tano Japani, na huu ndio mwaka wao wa mwisho kupita mlangoni. Mwakani yadi haitaruhusiwa kuleta nyingine za 2019, na muuzaji anajua. Jadiliana bei ukijua hilo.

Vipimo vya Japani vinasema petroli ya 4WD, MXAA54, huenda kilomita 15.2 kwa lita, na haibridi ya 4WD, AXAH54, kilomita 20.6. Barabarani hutazipata namba hizo, ila tofauti kati yao utaipata, na kwenye foleni ya Thika Road itakuwa kubwa zaidi, maana haibridi ikisimama huzima injini na kusogea kwa umeme. Ukitembea kilomita 15,000 kwa mwaka, ni kama lita 260 unazookoa. Zidisha kwa bei ya pampu ya leo, kisha linganisha na kile yadi inachoongeza kwa haibridi. Kama unakusudia kulikalia gari miaka mitano au zaidi, haibridi italipa.

Kuhusu betri, mafundi wako wanaogopa kitu sahihi kwa sababu isiyo sahihi. Betri ya AXAH54 iko chini ya kiti cha nyuma na hupozwa na feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, kupitia matundu yaliyo mbele ya kiti hicho, chini kabisa, pale visigino vya watoto vinapokaa. Nimefungua moja iliyokuja gerejini kwangu Tabata ikilalamika joto la betri: chujio lilikuwa limegeuka blanketi la vumbi, nywele na maganda ya karanga, na kona moja biskuti nzima. Tulisafisha, tukafuta kosa kwenye kompyuta, gari likaondoka. Mwenye gari alikuwa ameshaambiwa kwingine atafute betri nzima. Ukinunua haibridi, piga marufuku karanga nyuma, na kila sevisi simamia mwenyewe chujio hilo lifunguliwe.

Jambo moja ulipime kulingana na unapokwenda likizo. Haibridi ya 4WD haina shafti ya kwenda nyuma. Matairi ya nyuma yana mota yao ndogo ya umeme, ya kilowati 40. Inatosha kwa lami yenye mvua na udongo wa kawaida. Kama nyumbani ni kule ambako trekta huwavuta watu mwezi wa nne, chukua petroli, kwa sababu ile ina shafti. Na waya mnene unaopeleka umeme nyuma ulisumbua Kanada, ulioza kwa chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji. Nairobi hakuna chumvi, ila Hokkaido, kaskazini mwa Japani, ipo. Mwambie muuzaji akupe karatasi ya mnada ya Japani, uone gari limetoka wapi na daraja lake. Ukikuta herufi R mahali pa daraja, gari lilishagongwa likarekebishwa. Akisema karatasi imepotea, nenda yadi nyingine.

Na yoyote utakayochukua, oili yake ni nyepesi sana, 0W-16. Fundi akikuletea dumu la 20W-50 kwa sababu "hii ndiyo inafaa joto letu," mshukuru, funga boneti.

Mambo sista! Niko Mwanza, nina kazi ya kusambaza bidhaa madukani na familia changa. Jamaa analeta RAV4 ya 2014 dizeli toka Uingereza, anasema dizeli hainywi na bodi ni ngumu. Nichukue? — Kijana wa Nyegezi

Poa mdogo wangu. Hapana.

Hilo ni toleo la nne. Gari lenyewe silipigi vita: ndilo la kwanza kuweka mlango wa buti unaofunguka kwenda juu, tairi la spea likashuka kutoka mgongoni, na mama mwenye mtoto mkononi sasa anaweza kufungua hata akiegesha karibu na ukuta. Vipimo vya usalama vya Ulaya vya 2013 vililipa nyota tano. Kinachonitia shaka ni dizeli yake na kazi yako. Dizeli hizo za Ulaya zina chujio la masizi kwenye ekzosi ambalo hujisafisha kwa kuyachoma masizi, na ili liyachome linahitaji mwendo mrefu wa kasi. Wewe unatoka duka hadi duka, Nyegezi, Igoma, Kirumba, kuwasha na kuzima siku nzima. Chujio litajaa, taa itawaka, gari litakataa kukimbia, na kutakuwa na mtu wa kukushauri ulitoboe. Zile za kuanzia 2016 dizeli yake ya cc 2,000 ilitoka BMW, na spea zake hutazikuta kwenye duka la Toyota la mtaani kwako.

Ukilipenda toleo hili tafuta petroli ya cc 2,000, au haibridi ya cc 2,500 iliyoanza 2016. Kwa gari lolote la Uingereza, muombe jamaa namba ya usajili ya kule. Ingia kwenye tovuti ya serikali yao ya MOT, yaani ukaguzi wao wa magari wa kila mwaka, ni bure, uandike namba hiyo. Utaona kila mwaka gari lilikaguliwa likiwa na maili ngapi, lilifeli kwa nini, na kama waliandika kutu kwenye chesesi. Maili zikirudi nyuma kati ya mwaka mmoja na mwingine, huna haja ya kunitafuta tena. Kisha liinue, ulale chini yake ulitazame, maana na Uingereza nako wanamwaga chumvi barabarani.

Na kwa kusambaza bidhaa, kwa nini usichukue Probox ya kazi, familia ikapanda daladala mwaka mmoja zaidi? Shemeji yangu hatanipenda, najua.

Binti yangu, mimi ni mstaafu, Tanga. Nina RAV4 ya milango mitatu ya 1996, nimeinunua ikiwa imetumika na bado inanipeleka shamba. Wanangu wanataka niiuze wanichangie ya kisasa. Unasemaje? — Babu wa Pongwe

Shikamoo mzee wangu. Nasema wanao wakuchangie mkanda wa taimingi.

Injini yako ni 3S-FE, na sijui kama Toyota walishatengeneza nyingine yenye uvumilivu kuipita. Haina D-4, haina CVT, na fundi yeyote wa Tanga anayejua kushika spana ameshaifungua. Gari lina urefu wa mita 3.7 hivi, la sasa hivi ni mita 4.6 na upana wa karibu mita 1.86, na mimi nazijua njia za mashamba ya Pongwe. Unachotakiwa kufanya ni kubadili mkanda wa taimingi kila kilomita 100,000, na kama hukumbuki ulibadilishwa lini, badili sasa, pamoja na pampu ya maji kwa kuwa mmeshafungua. Injini hii mkanda ukikatika haipindishi valvu, ila utalala njiani. Kagua hosi zote za mpira za rejeta, umri wao ni wa injini. Bushi za chini nazo, zikigonga, usizizoee.

Ila usiwapakie wajukuu wanne nyuma kwenye gari la milango mitatu halafu useme Dada Fundi karuhusu. Wakija likizo, wanao walete gari lao.

As-salaam alaykum dada. Nipo Muscat, kwetu Mombasa. Nina RAV4 ya 2021, nimeinunua mpya na sevisi zote nimefanya kwa wakala. Narudi nyumbani mwakani. Naweza kuipakia melini nije nayo? — Mswahili wa Ruwi

Wa alaykumu s-salaam kaka. Gari ni zuri, umri unaruhusu, na historia kama hiyo watu wa yadi wanaiota. Lakini usukani uko kushoto, na Kenya haiandikishi gari la usukani wa kushoto isipokuwa yale ya kazi maalumu, kama ambulensi na zimamoto. Utakuja kulitazama bandarini.

Kuna watakaokwambia usukani unahamishwa. Unahamishwa, ndiyo: wanakata dashibodi, wanabadili raki ya stelingi, wanahamisha pedali na waya za mifuko ya hewa. Mimi nimekataa kazi ya kulirekebisha moja lililofanyiwa hivyo, na nitakataa la pili. Mfuko wa hewa uliotolewa na kurudishwa na mtu asiyejulikana sitaki kukaa mbele yake hata nikiendesha kwenda dukani.

Uza huko huko, mapema, kabla tarehe ya kurudi haijakubana ukaanza kupokea bei za kukukomoa. Toa nakala ya kila stakabadhi ya sevisi, zipange kwa tarehe, na usikubali kuuza bila kuzionyesha, kwa sababu ndizo zinazoitofautisha na zile za kukodisha. Kisha soma tena majibu ya mwalimu wa Thika hapo juu, na usipokee chochote kutoka Japani bila karatasi ya mnada.